Kutoka Barazani hadi Mtandaoni: Mhadhara wa Hadhara na Haki ya Tabianchi, 1977 hadi Leo

1. Utangulizi

Tangu mwaka 2020, wakati ugonjwa wa Covid-19 ulipofunga kumbi za mikutano na madarasa ya vyuo vikuu karibu duniani kote, mihadhara ya hadhara juu ya haki ya tabianchi na juu ya maisha yasiyoharibu mazingira imehamia kwa wingi katika intaneti. Msemaji huketi Nairobi, Kampala au London. Wasikilizaji wake huwa popote penye umeme na simu. Jambo hili huelezwa mara nyingi kana kwamba ni jipya kabisa na halina mizizi. Lakini mhadhara wa hadhara juu ya mazingira una historia yake katika Afrika, na historia hiyo imepita miaka arobaini. Ilianzia katika vikao vya wanawake wakulima wa Kenya, kabla ya mashine za mawasiliano ya leo.

Insha hii inafuata historia hiyo kwa kuchukua mfano wa Wangari Maathai (1940-2011) na chama alichokiasisi, Green Belt Movement, yaani Ukanda wa Kijani. Hoja yake ni moja: haki ya tabianchi huanza kabla ya fedha kugawanywa. Huanza pale walioumizwa wanapopata nafasi ya kusema, na kusema kwa lugha wanayoimiliki. Mahali ambapo sharti hili lilitimizwa, mhadhara ulizaa matendo. Mahali ambapo halikutimizwa, mhadhara ulibaki kuwa hotuba tu.

Jambo hili linawahusu wasomi wa Kiswahili katika Kongo kwa sababu mbili. Kwanza, Maathai mwenyewe alitumia sehemu ya miaka yake ya mwisho kuutetea msitu wa Bonde la Kongo. Pili, Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zinazotajwa na Katiba ya mwaka 2006, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, na ndicho lugha ya wananchi wengi wa mashariki ya nchi, ambako mafuriko na ukataji wa miti vinaonekana kwa macho. Kama mjadala wa tabianchi haupiti katika lugha hiyo, haupiti kwa wananchi hao.

2. Baraza la chifu na kikao cha wanawake

Neno baraza lina historia ya kufundisha. Katika miji ya pwani ya Afrika ya Mashariki, baraza ni kwanza kibao cha mawe kilichojengwa mbele ya nyumba, ambapo majirani huketi jioni na kuzungumza. Kutoka hapo neno likapata maana ya mkutano na halmashauri. Chini ya utawala wa Waingereza katika Kenya, baraza likageuka kuwa mkutano ulioitwa na chifu ili raia wasikie amri: kodi, kazi ya matuta, kupunguza mifugo. Mmoja alisema, wengine walisikiliza. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, desturi hiyo haikufa. Viongozi wapya waliendelea kuwahutubia wakulima kwa namna ileile waliyoirithi.

Wangari Maathai alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 katika kijiji cha Ihithe, wilaya ya Nyeri. Katika kitabu cha kumbukumbu zake, Unbowed (2006), anaeleza mambo mawili ya utoto wake ambayo yafaa kuwekwa pamoja. La kwanza ni mti wa mugumo, ambao mama yake alimkataza kuokota kuni zake kwa kuwa ulikuwa mtakatifu, na kijito kilichotoka karibu nao, ambamo mtoto alichezea mayai ya vyura na viluwiluwi. Aliporudi akiwa mtu mzima, mti ulikuwa umekatwa na kijito kimekauka. La pili ni shule ya watawa, ambapo mwanafunzi aliyenaswa akisema lugha ya mama alivishwa beji ya aibu, naye akaibeba mpaka amnase mwenzake. Mti ulikatwa na lugha ikaaibishwa katika kizazi kimoja. Uhusiano huo si wa bahati. Mwiko uliolinda mugumo ulikuwa ukielezwa kwa Kikuyu, na mtoto aliyefundishwa kuionea haya lugha hiyo alifundishwa pia kuuona mwiko huo kuwa ushenzi.

Maathai alisoma biolojia huko Kansas na Pittsburgh, Marekani, akarudi, na mwaka 1971 akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki na ya Kati kuifikia daraja hiyo. Katikati ya miaka ya 1970, ndani ya Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya, aliwasikia wanawake wa vijijini wakieleza haja zao: kuni, maji safi, chakula chenye lishe na fedha kidogo mkononi. Hawakutumia neno mazingira. Ilikuwa kazi ya mtaalamu kutambua kwamba haja zote hizo zilikuwa na chanzo kimoja, yaani ardhi iliyovuliwa miti yake.

Tarehe 5 Juni 1977, siku ya mazingira duniani, msafara ulitembea hadi uwanja wa Kamukunji, Nairobi, ukapanda miti saba kwa heshima ya viongozi saba waliokufa, waliotoka katika makabila mbalimbali ya nchi. Shughuli yenyewe ilipewa jina lenye neno la Kiswahili ambalo kila Mkenya alilijua, Harambee. Maathai alipoandika kumbukumbu zake, miwili tu kati ya miti hiyo saba ilikuwa ingali hai. Sherehe haitoshi kuuotesha mti. Unahitaji mtu wa kuutunza, na mtu huyo lazima aelewe kwa nini anautunza.

Ndipo kazi halisi ilipoanza. Maofisa wa misitu walishangaa kusikia kwamba wakulima wasiosoma wangesimamia vitalu vya miche, kwani kwao kupanda mti ilikuwa kazi ya mwenye diploma. Wanawake walitumia walichokuwa nacho. Walikusanya mbegu za miti ya kwao, wakaziotesha katika vyungu vilivyovunjika, wakaviweka juu ili kuku na mbuzi wasizifikie. Kikundi kilicholeta miche ikastawi kilipewa malipo madogo kwa kila mche. Maathai aliwaita watu hao wanamisitu wasio na diploma, na sifa hiyo ikageuka kuwa fundisho: elimu ya kulinda ardhi haikuwa mali ya ofisi.

Vikao vya chama vilikuwa kinyume cha baraza la chifu. Waliohudhuria ndio waliotangulia kusema. Waliulizwa matatizo yao ni yapi, na orodha ikaandikwa. Halafu wakaulizwa matatizo hayo yametoka wapi. Karibu wote waliilaumu serikali, na hapakuwa na ubishi kwamba serikali ilikuwa na lawama kubwa. Lakini waliulizwa tena: ardhi iliyo mikononi mwenu, ni nani aliyeiacha bila mti hata mmoja? Hapo mfano wa basi ulitumika. Msafiri aliyepanda basi lisilo lake atafika asikotaka kwenda, akute njaa na shida. Basi akaulize ni kwa nini alipanda basi hilo: kwa kutojua, kwa kuogopa kuuliza, au kwa kudanganywa? Mkulima aliyejibu swali hilo kwa lugha yake alikuwa amekwisha kuingia katika siasa, ingawa alidhani anazungumza habari za miche.

3. Neno lililoogopwa

Serikali ya wakati ule iliielewa maana ya vikao hivyo upesi kuliko wasomi wengi. Mwaka 1989 habari zilienea kwamba jengo la ghorofa 60, pamoja na sanamu ya Rais Daniel arap Moi, lingejengwa ndani ya bustani ya Uhuru, mahali pa wazi pa kupumzikia watu wa kawaida wa Nairobi. Maathai aliandika barua kwa viongozi wa serikali na kwa mashirika ya nje, akiuliza kama watu wa London au New York wangekubali bustani zao zifanywe hivyo. Mwezi wa Novemba wabunge walimshambulia kwa maneno makali. Chama chake kiliondolewa katika ofisi za serikali kilimokuwa, na ofisi ikahamia nyumbani kwake. Ikatumiwa pia sheria ya zama za ukoloni iliyokataza mkusanyiko wa watu zaidi ya tisa bila kibali.

Sheria hiyo yastahili kufikiriwa. Hakuna aliyepiga marufuku mche wala jembe. Kilichohitaji kibali ni watu kumi kuketi na kuzungumza. Mwenye madaraka alijua kwamba miti inayopandwa kwa amri haimdhuru, lakini miti inayopandwa na watu waliokwisha kuulizana sababu za umaskini wao ni hatari kwake. Hatimaye wafadhili wa jengo walijiondoa, na mwanzoni mwa mwaka 1992 uzio uliokuwa umeizunguka sehemu hiyo ya bustani ukaondolewa.

Katika bustani hiyohiyo, tarehe 28 Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walianza mgomo wa kula, na Maathai alikuwa pamoja nao. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa marungu na mabomu ya machozi, Maathai akapigwa hadi kuzirai. Wazee kadhaa miongoni mwa akina mama walivua nguo zao mbele ya askari, kitendo ambacho katika mila zao ni laana nzito kwa mwana anayempiga mama. Pale waliponyang'anywa maneno, walisema kwa miili yao. Kila mtu aliyelelewa katika mila hizo, askari pia, alielewa.

Miaka saba baadaye ilikuja zamu ya msitu wa Karura, kaskazini mwa mji, ambao sehemu zake zilikuwa zimegawiwa kwa siri kwa wajenzi. Tarehe 8 Januari 1999, Maathai na wenzake walipofika kupanda miti, walishambuliwa na kundi la walinzi, naye akajeruhiwa kichwani. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Nairobi waliandamana kwa ajili ya msitu huo. Katika mwezi wa Agosti mwaka huohuo Rais alitangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma. Karura leo ni msitu ambao wakazi wa Nairobi hutembea ndani yake bila hofu, na vijana wengi hawajui kwamba uliokolewa kwa damu.

4. Kigoda cha miguu mitatu

Mwaka 2002 Maathai alichaguliwa kuwa mbunge wa Tetu, na mwaka 2003 akawa naibu waziri wa mazingira. Tarehe 10 Desemba 2004 alipokea Tuzo ya Amani ya Nobel mjini Oslo, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Wakati huo chama chake kilikuwa kimekwisha kupanda miti zaidi ya milioni 30. Baadhi ya watu wa Ulaya waliuliza: mti una uhusiano gani na amani? Aliwajibu kwa mfano wa kigoda cha Kiafrika chenye miguu mitatu: mazingira yanayotunzwa, utawala wa haki, na amani. Ukivunjika mguu mmoja, aketiye huanguka.

Mfano huo ulitangulia mabishano ambayo leo huitwa haki ya tabianchi. Mkataba wa tabianchi uliotiwa sahihi Rio de Janeiro mwaka 1992 ulikuwa umekubali kwamba mataifa yote yana wajibu, lakini si wajibu ulio sawa, kwa kuwa hayakuchafua hewa kwa kiasi kimoja. Kanuni hiyo ilibaki katika lugha ya mabalozi. Mwaka 2000, mkutano wa mataifa ulipofanyika The Hague, vyama vya wananchi viliitisha hapohapo mkutano wao wenyewe juu ya haki ya tabianchi. Mwaka 2002 vikatoa kanuni 27 zinazoitwa za Bali. Mwaka 2008 vyama vya Afrika vikaunda muungano wao, wenye makao yake Nairobi. Sababu ya hasira yao ilikuwa rahisi kuielewa: bara lenye zaidi ya sehemu moja ya sita ya watu wote wa dunia hutoa chini ya asilimia 4 ya hewa ya ukaa inayotokana na viwanda na mafuta, na bado ndilo linalokaukiwa na kufurikiwa kwanza.

Kwa Kongo, mwaka 2005 ni wa kukumbukwa. Mwezi wa Februari, wakuu wa nchi za Afrika ya Kati walikutana Brazzaville, na Maathai akateuliwa kuwa balozi wa hisani wa msitu wa Bonde la Kongo. Mwaka 2008 Uingereza na Norway zilianzisha mfuko wa fedha kwa ajili ya msitu huo, chini ya Benki ya Maendeleo ya Afrika, na Maathai akawa mwenyekiti mwenza pamoja na Paul Martin, aliyekuwa waziri mkuu wa Kanada. Katika kitabu chake The Challenge for Africa (2009) aliuandikia msitu huo sura nzima. Alijua kwamba msitu wa Kongo hauwezi kutunzwa kwa mikataba ya London ikiwa mkulima na mwindaji wanaoishi ndani yake hawakuulizwa. Hayo ndiyo aliyojifunza kwa wanawake wa Nyeri.

Katika mwezi huohuo wa Februari 2005 Maathai alikuwa Japani, wakati Mkataba wa Kyoto ulipoanza kufanya kazi. Huko alijifunza neno mottainai, ambalo Wajapani hulitumia kuonyesha majuto wanapoona kitu chenye thamani kikitupwa bure. Alilichukua neno hilo, akalieneza dunia nzima kama jina la maisha ya kutofuja: kupunguza matumizi, kutumia tena, kutengeneza upya. Wakati huohuo alikuwa akiupinga mfuko mwembamba wa plastiki katika miji ya Kenya. Kenya iliipiga marufuku mifuko hiyo tarehe 28 Agosti 2017, miaka sita baada ya kifo chake. Rwanda ilikuwa imetangulia mwaka 2008. Katika habari hii, mwanalugha ataona kwamba fundisho la maisha ya kiasi lilisafiri ndani ya neno moja la lugha ya nyumbani, lisilokuwa la Kiingereza wala la Kifaransa. Mswahili anayesema kwamba akiba haiozi, au anayemkemea mtoto kwa israfu, amekwisha kuwa na msingi wa fundisho lilelile.

Maathai alifariki Nairobi tarehe 25 Septemba 2011. Kwa kuwa alikuwa ameagiza mti usikatwe kwa ajili yake, jeneza lake lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu-maji. Ibada ya taifa ilifanyika katika bustani ya Uhuru, ambayo isingekuwapo kama angenyamaza mwaka 1989. Umoja wa Afrika umeifanya tarehe 3 Machi kuwa siku ya mazingira ya Afrika na ya kumkumbuka.

5. Mlango mpana, kizingiti kirefu

Mwaka 2020 mkutano wa mataifa juu ya tabianchi uliopangwa kufanyika Glasgow uliahirishwa kwa mwaka mzima. Majadiliano ya kitaalamu ya mwezi wa Juni 2021 yalifanyika kwa intaneti. Vyuo vikuu, makanisa na vyama vya vijana vilifanya vivyo hivyo kwa mihadhara yao. Hapana budi kukiri kwamba kuna faida kubwa katika jambo hili. Mwanafunzi wa Bukavu au wa Lubumbashi, ambaye asingepata viza wala nauli ya kwenda Ulaya, aliweza kumsikia mtaalamu yuleyule anayesikilizwa na mwanafunzi wa Uingereza, saa ileile.

Vijana wa Afrika walijua pia kuitumia njia hiyo kusema. Mganda Vanessa Nakate, ambaye tangu mwaka 2019 alisimama katika mitaa ya Kampala akiwa na mabango ya kuutetea msitu wa Kongo, alipiga picha Davos mwezi wa Januari 2020 pamoja na vijana wanne wa Ulaya. Shirika moja la habari lilipoitoa picha hiyo, lilikuwa limemkata. Alijibu kwa video aliyoirekodi mwenyewe, akieleza kwamba aliyeondolewa hakuwa mtu mmoja bali bara zima, na shirika likaomba radhi. Mwaka 2021 Mkenya Elizabeth Wathuti alizungumza Glasgow mbele ya wakuu wa nchi juu ya njaa ya watu wa kwao, na kabla ya kuendelea akawaomba wanyamaze kidogo ili wawafikirie wasio na chakula. Maneno yake yalisikika kupitia intaneti mbali sana na ukumbi ule.

Lakini mlango uliopanuliwa una kizingiti kirefu. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, takriban mtu mmoja tu kati ya watano anapata umeme, na bei ya muda wa intaneti hushindana na bei ya unga. Hata kwa mwenye simu, mihadhara mingi hutolewa kwa Kiingereza, michache kwa Kifaransa, na ya Kiswahili ni adimu. Msikilizaji huandika swali lake, nalo huchaguliwa au huachwa na msimamizi asiyemwona. Kwa maana hiyo, mhadhara wa intaneti waweza kuwa tena baraza la chifu: mmoja anasema, elfu wanasikiliza, na wakulima, ambao ndio wanaozungumziwa, hawamo.

Mfano wa Kalehe unaonyesha uzito wa jambo hili. Tarehe 4 Mei 2023, mvua kubwa ilisababisha mafuriko na maporomoko ya udongo katika eneo hilo la Kivu ya Kusini, na vijiji vya Bushushu na Nyamukubi vikaharibiwa. Watu zaidi ya 400 walikufa. Baadaye kundi la wanasayansi wa kimataifa lilijaribu kupima kama mabadiliko ya tabianchi yaliiongezea nguvu mvua ile. Lilishindwa kutoa jibu, kwa sababu vipimo vya mvua vya kuaminika katika eneo la Ziwa Kivu vilikuwa vichache mno. Mwaka 2022, mkutano wa Sharm el-Sheikh ulikuwa umekubali kuanzishwa kwa mfuko wa hasara na madhara, ambao ni ushindi mkubwa wa vyama vya haki ya tabianchi. Lakini anayedai hutakiwa kutoa ushahidi. Nchi isiyo na vipimo, na ambayo wazee wake wanaojua mito ilivyokuwa hawaulizwi, itadai kwa sauti dhaifu. Ukimya wa vituo vya hali ya hewa na ukimya wa wananchi ni sehemu mbili za udhalimu mmoja.

Upande wa pili kuna utajiri ambao dunia inautaka uhifadhiwe. Mwaka 2017 watafiti wa Uingereza na wa Kongo, miongoni mwao mwalimu wa Chuo Kikuu cha Marien Ngouabi, walionyesha kwamba chini ya misitu ya maji ya katikati ya Bonde kuna ardhi ya mboji yenye ukubwa wa kilomita za mraba 145,500 hivi, inayohifadhi takriban tani bilioni 30 za kaboni. Habari hiyo imefundishwa katika mihadhara isiyohesabika. Ni halali kuuliza ni mihadhara mingapi iliyofanyika kwa lugha za wavuvi wanaoishi juu ya mboji hiyo.

6. Makala na ukaa: kazi ya lugha

Husemwa mara kwa mara kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha kwa mjadala huu. Historia ya maneno yenyewe inakanusha hoja hiyo. Mazingira ni jina lililotokana na kitenzi zingira: ni yale yanayomzunguka mtu. Tabianchi limeundwa kwa tabia na nchi, na mkulima hulielewa mara anapoambiwa kwamba nchi, kama mtu, ina tabia, na kwamba tabia ya nchi yake imebadilika. Hewa ya ukaa ni jina la kitaalamu, lakini ukaa ni ndugu wa makaa, ambayo Wakongo huyaita makala. Mama anayepuliza makala jikoni Lubumbashi anacho tayari mkononi mzizi wa neno ambalo mabalozi hubishana juu yake.

Mfano wa makala unafaa pia kuonyesha tofauti kati ya kuhubiri na kufundisha. Misitu ya miombo inayouzunguka mji wa Lubumbashi hukatwa mwaka hata mwaka kwa ajili ya makala. Mhadhiri wa mbali, anayefundisha maisha yasiyoharibu mazingira, atasema: acheni makala, tumieni umeme. Mhadhiri aliyeketi kwanza na kuuliza ataambiwa kwamba umeme hukatika, kwamba mitambo mikubwa ya maji ya nchi ilijengwa kwanza kwa ajili ya migodi na miji, na kwamba mchoma makala ni mkulima aliyekosa soko la mahindi yake. Ushauri wa kwanza unamlaumu maskini kwa umaskini wake. Mazungumzo ya pili yanafika kwenye haki: ni nani aliyepata umeme, ni nani aliyekosa, na ni nani aliyeamua? Hilo ni swali lilelile la basi.

Kwa hiyo kazi ya idara za Kiswahili haiishii katika kutafsiri istilahi. Mihadhara iliyohifadhiwa katika intaneti yaweza kufupishwa kwa Kiswahili na kupelekwa redioni, ambako hata asiye na simu ya bei kubwa husikia. Radio Okapi, tangu ilipoanzishwa mwaka 2002, hutangaza kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, nayo imethibitisha kwamba jambo hilo linawezekana. Njia ya kurudi ina thamani kubwa zaidi: kukusanya kwa Kiswahili na kwa lugha za makabila ushahidi wa wavuvi wa Tanganyika, wakulima wa Kalehe na wachoma makala wa Katanga, kuuandika kwa tarehe na mahali, na kuufikisha pale maamuzi yanapofanyika. Mwanafunzi wa lugha aliyefunzwa kukusanya hadithi na methali ana ujuzi wote unaohitajiwa kwa kazi hiyo.

7. Tamati

Historia iliyoelezwa hapa, kutoka Kamukunji hadi mihadhara ya leo, ina mafundisho matatu. La kwanza ni kwamba mti uliopandwa bila mazungumzo hufa, kama ilivyokuwa kwa mingi kati ya ile saba ya mwaka 1977. La pili ni kwamba wenye nguvu walikiogopa kikao cha watu kumi kuliko kitalu cha miche elfu, nao hawakukosea kuogopa. La tatu ni kwamba chombo cha kusemea, kiwe kibao cha mawe au kioo cha simu, hakiamui chenyewe kama kutakuwa na haki. Kinachoamua ni nani anayeuliza swali la kwanza, na kwa lugha gani.

Wangari Maathai alifundishwa shuleni kuionea haya lugha ya mama yake, kisha akatumia umri wake wote kuwaambia wanawake waliosema lugha hiyo kwamba wanayoyajua ni elimu. Bonde la Kongo, alilolihudumia katika miaka yake ya mwisho, lina vyuo vikuu, lina redio, lina lugha inayosikika kutoka Kisangani hadi Kalemie na Lubumbashi. Lina pia wafu wa Bushushu na Nyamukubi, ambao mvua iliyowaua haikuwa na kipimo cha kuisemea. Kuwasemea ni deni, na sehemu ya deni hilo inawaangukia wale ambao kazi yao ni lugha.